Kiti cha Siwatu

Bwana Makungu, tajiri muuza printa, alisimama mbele ya kibanda cha Siwatu, mpiga chapa, akicheka.

"Kompyuta yako mpya ni kali, dada. Programu ya kuendeshea printa yako kuukuu haina saini ya kidijitali ya kiwanda, kompyuta itaikataa. Nunua kwangu!"

"Ikichapa je?"

"Nakupa mpya bure. Isipochapa, kibanda chako kinakuwa changu."

"Haya, kaka. Ila sina kiti. Nipe ile kompyuta ya zamani uliyoitupa nje ya duka lako, niikalie."

"Beba!"

Kesho yake Makungu alileta mashahidi. Siwatu, akiwa juu ya kiti chake, alibonyeza kitufe. Printa ikanguruma, ikatema karatasi.

"Saini umeipata wapi?" alifoka Makungu.

"Sijaipata, kaka. Kompyuta mpya inatuma kazi kwa hii ya zamani niliyoikalia, na hii ndiyo inayoiendesha printa. Imezeeka, haimdai mtu saini."