Mioto Sita, Mvua Moja

Mioto sita huzimwa na mvua moja. Neno hilo mmelisikia leo kwa baba yenu, na sasa mnaniuliza limetoka wapi, maana mmelitafuta katika kitabu chenu cha methali na hamkuliona. Halimo kwa sababu bado ni changa. Nilikuwapo lilipozaliwa, na aliyelizaa nilimpa kiti mimi mwenyewe. Basi sogeeni, niwaeleze lilivyoanza.

Wakati huo baba yenu Ipyana alikuwa mdogo, nami nilikuwa na kibanda cha gemu hapa Tukuyu, nyuma ya soko la ndizi. Kilikuwa na runinga chache za mitumba, mabenchi, na paa la bati lililotunyamazisha wote kila mvua iliponyesha, na mvua ya kwetu mnaijua. Mchezo uliopendwa kuliko yote ulikuwa na jina la kigeni lililotushinda kulitamka, tukauita Mazimwi. Mchezaji alifuga mazimwi humo ndani ya mchezo, akayalea mpaka yakapata nguvu, kisha akachagua sita ya kupigana na sita ya mwenzake. Yaliingia uwanjani moja moja. Lililochoka liliweza kuitwa nyuma, likaingia jingine mahali pake. Na kila zimwi lilikuwa na asili yake. La moto liliunguza la majani na kuyeyusha la barafu, la majani lilikunywa la maji, na la maji lilizima la moto. Yalikuwapo pia ya mawe, ya upepo na ya umeme. Halikuwapo hata moja lisilo na mbabe wake.

Bingwa wa kibanda changu alikuwa kijana mmoja mrefu, mkimya, jina lake Gwamaka. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na matokeo hayakuwa mazuri, hivyo alishinda kwangu. Nilimfahamu tangu alipoletwa na baba yake, ambaye alikuwa dereva wa lori la viazi. Siku hiyo mtoto alitakiwa kuchagua zimwi lake la kwanza, akakodoa macho asijue ashike lipi. Baba yake akainama, akamwambia achague la moto, kwa kuwa kwetu kuna baridi. Wakacheka wote wawili. Zimwi hilo wakaliita Kimondo.

Mwaka uliofuata lori lilipinduka kwenye mteremko na baba hakurudi. Tangu hapo Gwamaka hakutaka kusikia habari ya zimwi la asili nyingine. Alilea la moto baada ya la moto, mpaka timu yake yote sita ikawa moto mtupu. Kwa vijana wa hapa mjini ilitosha. Waliogopa kabla hata hawajakaa, na mtu anayecheza kwa woga huunguzwa upesi.

Ikatokea kampuni moja ya simu ikatangaza mashindano ya Mazimwi kwa miji yote ya Nyanda za Juu Kusini. Kila mji upeleke wachezaji wawili, wakiongoza kwa zamu timu moja ya mazimwi sita. Jozi mbili zitakazofika fainali zitasomeshwa bure katika chuo cha kompyuta kule Mbeya.

Kwa Gwamaka hilo halikuwa jambo la mchezo. Mjomba wake alikuwa Chunya kwenye machimbo ya dhahabu, na alikwisha kutuma ujumbe kwamba kijana apelekwe huko akashike sururu kuliko kuzeeka mbele ya runinga. Mama yake, jirani yangu, alikuwa mshonaji. Hakuyapenda mashimo yale hata kidogo. Kaka yake mwingine alifukiwa humo na hawakumtoa. Lakini alikuwa mjane, na mwanawe alikuwa hana shughuli. Akamwambia ajaribu bahati yake kwenye mashindano. Kama hakuna kitakachopatikana, aende Chunya.

Gwamaka akamchukua rafiki yake Ambokile, ambaye naye alipenda moto. Wakaunganisha mazimwi yao makali, wakaenda Kyela kwenye mzunguko wa kwanza. Nilifunga kibanda nikaenda nao.

Mpinzani wao aliitwa Ndimbumi, kijana wa Kyela mwenye miwani, mpole, aliyewasalimia wote kabla ya kuketi na mwenzake. Alipoona zimwi la kwanza la kwetu ni la moto, alitoa dogo kama chura. Watu wetu wakacheka. Lile chura likafumbua kinywa, na mvua ikafunika skrini yote. Moto wa kwanza ukazimika. Wakaingiza wa pili, ukazimika. Gwamaka aliendelea kuingiza, uso ameukaza, kama mtu anayepiga mlango ambao haufunguki. Wa mwisho alikuwa Kimondo, naye akalala chini. Ndimbumi hakuwa ametumia zimwi jingine hata moja. Ukumbi haukushangilia. Nadhani walituonea huruma.

Sheria iliruhusu mji ulioshindwa ujaribu mara moja zaidi kwenye mzunguko wa pili, na tulikuwa na majuma machache ya kujiandaa. Lakini Gwamaka hakujiandaa. Alikuja kibandani kila siku, akakaa mbele ya runinga iliyozimwa. Alisema lile chura ni zimwi la hila, halikupaswa kuruhusiwa. Ambokile alisema dawa ni kutafuta mioto mikali zaidi.

Alasiri moja mvua inanyesha, mama yake akaingia kibandani. Alikuwa hajawahi kukanyaga pale. Nilimpa kiti, akakunja mwavuli wake, akamwomba mwanawe amweleze kilichotokea Kyela, kwa sababu mtaani alikuwa amesikia vicheko tu. Gwamaka akamweleza yote, kwa sauti ya chini, mpaka lile chura. Mama alisikiliza akiwa amemtazama usoni.

"Kwa hiyo mlikuwa na mioto sita," akasema, "na mvua moja ikaizima yote."

"Ndiyo, mama."

"Ungeniuliza ningekwambia. Nimepika nje miaka mingi."

Gwamaka aliinamisha kichwa. Kisha akasema neno ambalo sikuwahi kumsikia akilisema mbele ya mtu. "Baba ndiye aliyeniambia nichague moto."

 Bati lilikuwa likipiga kelele juu yetu, nasi tukangoja lipungue.

"Baba yako alikupa moto mmoja, Gwamaka," mama yake akasema. "Hii mitano umejiongezea mwenyewe. Na yeye, safari zake zote, sikumwona hata mara moja akiongozana na dereva mwenzake. Alikwenda na utingo wake, Mwasomola. Mwasomola hakujua hata kuwasha gari. Alijua kufunga turubai, na alijua kumzungumzisha baba yako asisinzie. Ndiyo maana walikuwa wakifika."

 Gwamaka aliinuka, akamwomba mama yake mwavuli, akatoka. Nilijua anakokwenda, maana mtu wa kumfaa alikuwa mmoja tu.

Mtu huyo alikuwa Tumpe, binti wa muuza maziwa, aliyefanya kazi kwenye duka la fotokopi karibu na posta. Alikuja kwangu jioni za Jumamosi na alicheza polepole kuliko watu wote. Zimwi lake alilolipenda lilikuwa la majani, jina lake Mgomba. Mgomba hakujua kupiga sana. Kazi yake ilikuwa kustahimili, kunywa maji, na kuwatibu wenzake waliojeruhiwa. Vijana waliita timu ya Tumpe Zahanati, na wa kwanza kuiita hivyo alikuwa Gwamaka.

Tumpe mwenyewe ndiye aliyenisimulia walivyozungumza. Gwamaka alisimama mlangoni pa duka, amelowa magoti, akamwomba radhi kwa lile jina. Kisha akamweleza shida yake.

Tumpe aliendelea kupanga karatasi. "Unanitaka mimi," akauliza, "au unaitaka Zahanati?"

"Nawataka wote wawili."

Tumpe akakubali, lakini akasema zimwi la moto libaki moja tu. Gwamaka, ambaye njiani alikwisha kujitayarisha kuambiwa amwache hata Kimondo, alishangaa. Tumpe akamweleza kwamba bila moto kabisa, mtu yeyote mwenye mazimwi ya majani au ya barafu angewamaliza, nao wangekuwa wamehamisha kosa lile lile upande wa pili.

Basi wakaanza kuijenga timu. Kimondo akabaki kwa ajili ya kushambulia. Mgomba akawa wa kutibu. Wakatafuta la mawe, zito, la kuziba njia wakati wenzake wanapumzika. La upepo, jepesi, la kuwahi. La umeme kwa ajili ya mazimwi ya maji. Na la maji la kwao wenyewe. Haya mapya yalikuwa dhaifu, ikabidi yalelewe tangu mwanzo. Gwamaka alipata tabu. Alizoea kushambulia, sasa anafundishwa kungoja, kuita zimwi nyuma, kukubali kupigwa kidogo ili mwingine apate nafasi. Alishindwa na watu ambao zamani waliogopa hata kukaa naye benchi moja. Siku nyingine alitupa pedi ya kuchezea mezani akatoka nje. Tumpe hakumfuata. Alibaki akilea lile la mawe mpaka mwenzake aliporudi.

Ambokile naye aliumia kuachwa, na kwa siku kadhaa hatukumwona. Halafu alirudi, akakaa kwenye runinga ya mbele yao, akasema kama hachezi nao basi atacheza nao kinyume. Alikuwa amejaza timu yake mazimwi ya maji kama lile la Kyela. Kila jioni aliwanyeshea. Hakuna aliyewasaidia kuliko yeye.

Mzunguko wa pili wakapita. Wakaenda Mbeya, wakavuka mechi za mwanzo, na kwenye nusu fainali wakakutana tena na Ndimbumi. Mama Gwamaka alikuwa amekuja. Alikaa ubavuni pangu, mkoba mapajani, akaniomba nimwonyeshe yupi ni wa kwetu.

Kimondo aliingia wa kwanza, akaunguza zimwi la majani la Kyela. Palepale Ndimbumi akaleta lile chura. Watu wa Tukuyu waliokuwa nyuma yetu wakaanza kupiga kelele kwamba amchome, amchome. Nilimwona Gwamaka ameshika pedi, kidole juu ya kitufe. Kisha akamwita Kimondo nyuma. Nilikuwa sijawahi kumwona akifanya hivyo mbele ya watu. Akaingia Mgomba, akasimama katikati ya ile mvua, akainywa. Kadiri ilivyonyesha ndivyo alivyonawiri. Chura akaishiwa, akalala, na Ndimbumi akarekebisha miwani yake.

Lakini Ndimbumi hakuwa mtu wa zimwi moja. Mechi ikawa ndefu. La mawe la kwetu lilizuia mpaka likavunjika. La upepo na la umeme yakaangusha na yakaanguka. La maji nalo likaenda. Mwishowe tulibaki na Mgomba aliyechoka na Kimondo aliyejeruhiwa, na Ndimbumi amebaki na moja, la barafu, bado zima. Barafu huua majani, na Mgomba ndiye aliyekuwa uwanjani. Alikuwa na zamu moja tu kabla ya kuangushwa.

Zamu hiyo pedi ilikuwa kwa Tumpe. Angeweza kumrudisha Mgomba wake nyuma na kumtoa Kimondo vilevile, na majeraha yake. Hakumrudisha. Aliitumia zamu hiyo kumtibu Kimondo, zimwi la yule kijana aliyekuwa akiicheka Zahanati, na Mgomba akaganda akaanguka.

Kimondo akaingia mzima. Barafu likayeyuka.

Ukumbi uliinuka. Gwamaka hakuruka wala hakupiga kelele. Aliweka pedi mezani taratibu, akamgeukia mwenzake.

"Pole kwa Mgomba," akasema.

Tumpe akacheka huku akifuta macho. Mama Gwamaka aliniuliza kama tumeshinda. Nikamwambia ndiyo. Akauliza kama basi hakuna tena Chunya. Nikamwambia hakuna tena Chunya, na hapo mkoba ukamtoka mapajani, vitambaa na nyuzi vikasambaa chini ya viti, wala hakuinama kuviokota.

Fainali walishindwa na jozi ya Songea, iliyokuwa bora kuliko wao. Haikuwauma sana. Walisoma chuo pamoja. Leo Gwamaka anatengeneza mashine za hospitali, na Tumpe anafundisha kompyuta. Ambokile alinunua kibanda changu nilipochoka.

Na neno lenyewe? Nililirudia mimi pale kibandani, vijana wakalichukua. Kocha wa mpira alipopanga washambuliaji watupu, aliambiwa hilo. Familia ikitaka kulima viazi tu mashamba yote, inaambiwa hilo. Likavuka mto, likapanda mlima, na likiwa njiani likasahau lilikotoka. Miaka ile ya mwisho ya mama Gwamaka tulikaa pamoja kanisani Jumapili moja, na mchungaji mgeni akawa anawaasa wazee wa baraza wasichague watu wa ukoo mmoja. "Wahenga walisema," akaanza, kisha akalitaja neno lile lile. Mama Gwamaka aliniinamia sikioni.

"Mama Ipyana," akaninong'oneza, "kumbe mimi ni mhenga?"

Tulicheka mpaka mwimbaji mmoja wa kwaya akatugeukia. Hakutaka nimwambie mchungaji. Alisema neno likiwa la kweli, halihitaji kujua mama yake. Lakini ninyi mmeuliza, nami nimewaambia. Moto ni kitu chema, wajukuu zangu, na kwetu kuna baridi, uwe nao. Ila usiwe nao peke yake, kwa maana mioto sita huzimwa na mvua moja.