Rehani ya Chumvi

"Kabla ya kucheza ngoma ya mkopo, uliza rehani." Mlicheka nilipoisema, wanangu. Basi tulieni, methali hii ilizaliwa hivi.

Katika ufalme mmoja wa Ulaya, mfalme alipigana vita miaka saba hadi hazina ikabaki na buibui tu. Askari walirudi bila mshahara, na mume wa Brigita, mwanamke mmoja wa huko, alirudi bila mshahara na bila mguu mmoja. Mfalme akatuma watu kwa matajiri wa nchi ya mbali, akawapelekea taji lake liwe rehani. Matajiri wakalirudisha. Walisema taji halizai. Wao wanataka kitu kinachozaa kila siku.

Haukupita mwezi, fedha zikaja, magari matatu ya farasi. Askari wakalipwa, ngoma ikapigwa uwanjani siku mbili. Brigita alicheza hadi kiatu kikakatika. Mama mkwe wake, Dorotea, alizunguka akiuliza watu mfalme ameweka nini rehani.

"Mama, leo tule," Brigita akamwambia. "Ya mfalme mwachie mfalme. Au waogopa amekuweka wewe?"

Watu wakacheka sana.

Huko kwao kila nyumba ilichinja ng'ombe kabla ya theluji, nyama ikatiwa chumvi kwenye pipa, ikaliwa hadi majani yachipue. Chumvi ilikuwa ya mfalme, na bei yake ndogo haikubadilika tangu enzi za mababu. Kwa hiyo walichinja kwanza, chumvi wakaifuata baadaye. Brigita naye akachinja, akaenda kwenye ghala la chumvi na mfuko wake. Akakuta kufuli jipya na karani mgeni. Bei imepanda mara kumi.

"Chumvi si ya mfalme tena, mama," karani alisema, wala hakusema kwa ubaya. "Ni ya waliomkopesha, kwa miaka thelathini."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile mliyocheza."

Alirudi na chumvi ya kujaa kiganja. Mwaka ule theluji, ambayo baridi yake ingeihifadhi nyama, ilichelewa. Siku ya tano nyama ikaanza kunuka. Theluji ilipokuja ikafunga njia, pipa lilikuwa tupu, na kitinda mimba wake, Klara, hakuyaona majani mapya.

Siku ya maziko Dorotea hakumsuta mkwewe. Alimshika mkono tu. Ni Brigita mwenyewe aliyewageukia majirani, wale wale waliocheka uwanjani, akasema polepole:

"Kabla ya kucheza ngoma ya mkopo, uliza rehani."