Ngata ya Nakijwa

Hata kukaa kuna ngata yake. Methali hiyo mmeisikia leo kwa fundi cherehani, mlipomwambia kazi yake ni kukaa tu. Mkacheka, mkauliza nani anavaa ngata ya kubebea ndoo kichwani huku amekaa. Si kichwani. Sogeeni niwaonyeshe ilikotoka.

Huko milimani Upare alikuwepo mama mmoja, Nakijwa, mshika ufunguo wa bomba la kijiji. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko ulimi. Ukiruka foleni unakula kibao kwanza, sababu utaisikia baadaye. Siku moja aliyeruka foleni akawa Mzee Senkoro, mwenyekiti wa kamati ya maji mwenyewe, na Nakijwa akampiga kichwani kwa ndoo tupu.

Kamati ikatoa neno. Nakijwa aende kwa Mwalimu Eliewaha akafundishwe kutulia. Asubuhi ya saba akae kimya mpaka kijiti cha udi kiishe. Ufunguo ukae kwa mwenyekiti kwanza; akijitikisa, unakwenda kwa mwingine.

Ufunguo ule Nakijwa aliupata kwa kuchimba mtaro wa bomba kwa jembe lake, wanaume walipokwenda kupumzika wasirudi. Akasema, "Kukaa tu? Nitakaa mpaka mnichoke."

Mwalimu Eliewaha alikuwa ameishi Japani miaka mingi, akarudi na ufundi wa kukaa kwa kutafakari, wenyewe wanauita zazeni. Unakunja miguu, magoti yanagusa chini, mgongo wima, kidevu ndani kidogo. Mkono wa kushoto unalala juu ya wa kulia, vidole gumba vinagusana. Macho nusu wazi, pumzi unaiacha iende zake. Yeye alikalia kimto cha duara. Siku ya kwanza alisema, "Kila mtu atafute kitu cha kuinua makalio." Watu wakaitikia, kisha wakakaa chini mkekani. Nani akae juu sawa na mwalimu? Wote walikuwa wamelelewa.

Adabu hiyo ikamtesa Nakijwa. Makalio chini, magoti juu kama panzi, mgongo umepinda. Siku ya pili miguu ikafa ganzi. Siku ya nne akaanguka chali. Mzee Senkoro, aliyekuja kila siku kuwa shahidi, akakohoa kicheko.

"Mama, hata gunia la mahindi linakaa vizuri kuliko wewe."

"Gunia halina mwenyekiti pembeni," Nakijwa akajibu. Mkono ukamuwasha, akaukalia.

Siku ya sita alibaki nyuma. "Mwalimu, nakosea wapi?"

"Nilikupa neno ulitumie," mwalimu akasema, "wewe ukaliheshimu."

Akaondoka na jibu hilo kama mtu aliyepewa nazi bila panga.

Asubuhi ya saba alipanda mlima na ndoo ya maji kichwani, kama alivyofanya tangu usichana. Katikati ya mlima akajihisi. Mgongo wima, shingo ndefu, kidevu ndani, na hakuna aliyemkumbusha. Akatua ndoo mlangoni kwa mwalimu, ngata ikabaki mkononi. Ilikuwa ya gunia lililosokotwa, nene kama mkate. Akaitazama, akatazama kimto cha mwalimu. Akaiweka mkekani, akaikalia.

Mzee Senkoro akaguna. "Sasa unataka kulingana na mwalimu?"

"Nataka ufunguo wangu, mzee."

Magoti yakashuka yenyewe mpaka chini, mgongo ukapanda. Udi ukawashwa. Nakijwa akajitwisha ndoo moyoni, imejaa mpaka mdomoni. Nzi akatua puani, akatembea, akachoka, akaondoka. Udi ulipofika nusu, Mzee Senkoro akasinzia. Akayumba kulia, akayumba kushoto, kichwa kikaangukia bega la Nakijwa. Akaanza kukoroma. Udenda ukalowesha gauni.

Kichwa kilekile alichokipiga kwa ndoo. Mkono ukaikumbuka kazi yake ya zamani. Nakijwa akapumua, akaisikiliza ndoo yake. Halikumwagika hata tone.

Majivu ya mwisho yakaanguka. Mzee Senkoro akazinduka. "Nimemwona, amejitikisa."

"Mwenyekiti," mwalimu akasema, "bega hilo lingejitikisa, ungeamkia sakafuni."

Mzee akajifuta mdomo, akatoa ufunguo mfukoni, akamrudishia Nakijwa. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Umewezaje, mama?"

Nakijwa akaikung'uta ngata, akairudisha kichwani. "Mzee, sijawahi kubeba maji bila kujiandaa. Kukaa nikaona si kazi, hakuna mzigo. Kumbe hata kukaa kuna ngata yake."

Kesho yake Mzee Senkoro alionekana akipanda kwa mwalimu, ngata kwapani, anatazama pembeni asisalimiwe. Foleni nzima bombani ikamwimbia maneno yale, na tangu hapo hayakurudi kuwa ya Nakijwa peke yake.

Haya, inukeni mkamwombe radhi fundi. Na mkifika, tazameni kile kimto anachoweka chini yake kabla hajashika sindano. Hata kukaa kuna ngata yake.