Tangazo la Punda wa Senkondo

Senkondo, tajiri mwenye uwanja wa gulio, alimkabidhi karatasi Namkunda, aliyekuwa akiwasomea watu matangazo pale.

"Isome kwa sauti, neno kwa neno. Ukikataa, utafute gulio jingine."

Namkunda aliipitia. "Punda ana miaka minne, sawa. Anabeba magunia mawili, tumemwona. Lakini 'mzuri kuliko punda wote hapa', hayo si maoni yako?"

"Ni ukweli mtupu. Nikifuta hata neno moja, punda ni wako."

Watu walisikia.

"Haya," alisema Namkunda, "ngoja watu wajae."

Akakaa, akamenya chungwa lake taratibu, hadi mzee mmoja alipoingia akimvuta punda mkongwe mwenye sikio lililokatika. Ndipo akasimama na kusoma.

Mzee aligeuka. "Mzuri hata kuliko huyu wangu, Senkondo?"

Senkondo aliinamisha kichwa. Aliyeuliza, mbele ya gulio zima, alikuwa baba wa mkewe.

"Hapana, baba. Hayo yalikuwa maoni yangu tu."

Namkunda alikuwa keshafungua kamba ya punda wa Senkondo.

"Ya miaka na magunia hukuyafuta," alisema akiondoka na punda. "Hayo ndiyo niliyoyahitaji."