Foleni Isiyoonekana ya Zamora

Asiyeuliza wa mwisho hana zamu.

Nimeisema leo mchana, na nyinyi watatu mkatazamana kama watu waliopewa hesabu ya kidato cha sita. Tunu akanong'ona kwamba labda bibi amechanganya, labda alitaka kusema kuuliza si ujinga. Sijachanganya, mjukuu wangu. Kuuliza si ujinga ni methali ya kila mtu. Hii ni ya mtaa wetu, na wengi walioujua mwanzo wake wametangulia mbele ya haki. Basi wekeni simu chini, mnisaidie kuchambua huu mchele, niwaeleze. Methali hii ilianza hivi.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Serikali ilitafuta vijana wa kwenda kusomea Kihispania ili warudi wafundishe, na katika Morogoro nzima likatoka jina moja tu, Mwajabu binti Kondo, yaani mimi. Msidhani nilikuwa na akili kuwashinda wenzangu. Nilikuwa na mwandiko mzuri na subira ya kukariri. Siku ya kuondoka mama alinisindikiza stendi na akina mama wa mtaa mzima, wakapiga vigelegele mpaka dereva akawaomba wasogee, basi lipate kutoka.

Nikafika Zamora. Ni mji wa mawe, kaskazini magharibi mwa Hispania, mbali na bahari. Una mto mpana na makanisa ya kale yasiyohesabika, na juu ya minara korongo wamejenga viota vikubwa kama matenga ya nyanya. Ilipofika Oktoba ukungu ukaanza kupanda kutoka mtoni kila alfajiri. Ukungu nilikuwa naujua, si nimekulia chini ya Uluguru? Lakini wa kwetu hukaa mlimani, unautazama kwa mbali ukiendelea na shughuli zako. Wa Zamora ulishuka barabarani ukatembea na watu. Unamwona mtu mbele yako amevaa koti jeusi, unapepesa macho, hayupo, kisha kengele inalia mahali usipopaona.

Mwezi wa kwanza wote niliuishi kama ule usingizi wa alasiri ambao ukiamka hujui ni asubuhi au jioni. Saa nane mchana maduka yote yalifungwa na mji ukalala. Siku ya kwanza nilidhani amefariki mkubwa fulani. Nilizunguka peke yangu katika vichochoro vyeupe kwa jua, mapazia yameshushwa, nasikia vijiko vikigonga sahani nyuma ya madirisha, na mtu hata mmoja simwoni. Jua nalo lilikawia angani mpaka saa mbili usiku. Na maneno ya watu yalinipita kama maji ya mfereji. Niliyasikia yakitiririka, nikashindwa kuyachota.

Darasani daftari langu lilikuwa la kuonyeshwa wageni. Mdomo wangu ndio uliofungwa. Nilikuwa nimejiapiza kwamba sitasema neno mpaka sentensi nzima ikamilike kichwani bila doa, na kila ilipokamilika, mazungumzo yalikuwa yamekwisha hamia kwingine. Basi nikawa mtu wa kutikisa kichwa. Nyumbani nilikopanga kwa Doña Eulalia, nilitikisa kichwa. Doña ni kama sisi tunavyosema Bi. Alikuwa mjane wa miaka sabini, anaongea kuanzia chai ya asubuhi mpaka anapozima taa, na mimi nikaitikia kila kitu hata pale aliponiuliza, nilikuja kujua baadaye, kama baba yangu ana mkia. Alikuwa ananipima kama namsikia.

Mwisho wa Oktoba nikachoka. Ofisi ya chuo ilikuwa na fomu ya kujitoa, na aliyetaka kurudi kwao siku yake ya mwisho kuipeleka ilikuwa Jumatatu. Alhamisi niliichukua, nikaijaza kwa ule mwandiko wangu mzuri, nikatia saini na kuisokomeza katika mfuko wa koti. Nilijisikia aibu, nasema kweli. Nilivisikia vile vigelegele vya stendi kila nilipofumba macho. Lakini upweke ule ulikuwa umenishinda, na aibu ya nyumbani niliona ni nafuu, maana huko angalau ningechekwa kwa lugha ninayoielewa.

Ijumaa Doña Eulalia akateguka mguu kwenye ngazi. Akanipa kikapu na pesa, akaniandikia kwenye karatasi aina ya samaki anaowataka, akanielekeza sokoni kwa kidole.

Soko lile lina paa la vioo, na asubuhi ya ukungu mwanga unashuka humo mweupe kama maziwa. Mbele ya muuza samaki kulikuwa na watu kumi na tano hivi. Mmoja amekaa kwenye kreti, wawili wanacheka kando ya nguzo, mwingine anaangalia vitunguu vya jirani. Foleni hakuna. Na mimi, wajukuu zangu, nilikuwa mtoto wa foleni. Nyinyi hamkuiona miaka ile. Sukari foleni, sabuni foleni, unga foleni. Ukichoka kusimama unaweka jiwe, unakwenda zako kunyonyesha, na mwenye adabu haliruki jiwe la mtu. Basi nikaona watu hawa hawana utaratibu, ngoja nianzishe mwenyewe. Nikaweka kikapu changu sakafuni mbele ya meza ya samaki, nikasimama nyuma yake.

"Bibi, kikapu?" Salmini anacheka. Cheka tu. Mzee mmoja aliyevaa kofia bapa alikiinua, akanipangusia vumbi, akanirudishia kwa heshima zote akidhani nimekiangusha. Nikakirudisha chini. Akaja mama mmoja akakiinua yeye. Mara tatu! Na wakati huohuo muuza samaki anaita, na mtu anachomoka upande nisioutazamia, ananunua, anaondoka. Anaita tena, anakuja aliyefika baada yangu. Walinitazama, wakatazama pembeni. Nikajishika mkono wangu mwenyewe nione kama kweli nipo. Saa nane muuza samaki alimwaga maji mezani, akaniambia neno, nikatikisa kichwa, nikatoka na kikapu kitupu.

Njiani nikahukumu mji mzima. Nikasema moyoni, hawa wananiona mweusi, hawawezi kuniuzia hata samaki. Nilikuwa na hasira ya kunipasua kifua.

Doña Eulalia alikuwa jikoni, mguu juu ya kigoda. Akachungulia kikapu.

"Samaki wako wapi?"

Hapo ndipo nililia. Na katika kilio maneno yakatoka yenyewe, yamevunjikavunjika, wala sikuyapanga.

"Mimi simama. Watu pita. Mimi simama. Masaa matano, mimi simama!"

Yule bibi alisahau kikapu, akanitazama usoni. Nafikiri alikuwa anasikia sauti yangu kwa mara ya kwanza.

"Uliuliza wa mwisho ni nani?" akasema polepole, neno kwa neno, nami nikaweza kumfuata.

"Wa mwisho wa nini?"

"Wa foleni."

"Foleni hakuna!"

"Ipo, binti. Huku kwetu foleni haisimami kwa miguu, imo midomoni. Ukifika unauliza wa mwisho ni nani. Atakayejibu ndiye unayemfuata. Baada ya hapo kaa, zunguka, nenda kanunue mkate, zamu yako ipo. Na atakayekuja nyuma atakuuliza wewe."

"Walinitazama," nikasema. "Walinitazama vibaya."

"Walikutazama, ndiyo. Wengi wao hawajaona mtu mweusi ila kwenye picha. Na wenye roho mbaya wapo, sikudanganyi, mmoja ni shemeji yangu. Lakini muuza samaki hakukunyima zamu. Zamu hukuichukua. Usipouliza, watajuaje kwamba umekuja kununua? Watu watakuwa wamedhani unapenda kutazama samaki."

Nikaitoa ile fomu mfukoni, nikaiweka mezani mbele yake. Akaisoma yote, polepole, kwa miwani. Nilitarajia anibembeleze. Akaikunja, akanirudishia.

"Jumatatu ni mambo yako," akasema. "Kesho ni Jumamosi, na mimi sijala samaki."

Usiku ule nililala nikirudiarudia swali lile moja, kama mtoto anayekwenda kusoma shairi mbele ya wazazi. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito kupita siku zote. Nilivuka uwanja bila kuiona miguu yangu, midomo inacheza. Mlangoni mwa soko nikasimama. Nikawaza kurudi. Fomu ilikuwa mfukoni, naigusa.

Nikaingia, nikauliza.

"Wa mwisho ni nani?"

Sauti ilitoka juu mno, nyembamba, kama si yangu. Watu wote wakageuka. Kisha yule mzee wa kofia bapa, aliyeniokotea kikapu jana, akanyanyua mkono.

"Mtumishi wako," akasema. Ndivyo wazee wa kule walivyojibu, hawakusema mimi. "Mimi namfuata yule bibi mwenye skafu, na wewe unanifuata mimi."

Ikawa basi. Hakuna aliyecheka. Waliendelea na mazungumzo yao, na mimi nikaegemea nguzo, nikiona kwa mara ya kwanza kile kitu ambacho jana sikukiona. Skafu inamfuata mwenye fimbo, mwenye fimbo anamfuata yule wa kwenye kreti. Foleni ilikuwepo muda wote, imepita katikati ya watu kama uzi ndani ya shanga.

Halafu akaingia mwanamke mmoja, mwavuli mkononi, anahema.

"Wa mwisho ni nani?"

Nikangoja ajibiwe. Mzee wa kofia akanigusa kiwiko.

"Ni wewe, binti."

Jibu hilo sikuwa nimeliandaa! Usiku kucha niliandaa swali, nikasahau kwamba nami nitaulizwa. Yule mwanamke alikuwa ananitazama, na macho yake hayakuwa ya kushangaa mtu mweusi. Alitaka tu kujua.

"Mimi," nikasema. "Wa mwisho ni mimi."

"Vizuri. Basi mimi nipo nyuma yako. Nakwenda kuchukua mkate, narudi sasa hivi."

Akatoka mbio akapotelea katika ukungu, ameniachia nafasi yake. Hakuniuliza natoka wapi, wala kama najua lugha. Na haikupita muda akaja mwanamume mwenye kapu kubwa, akauliza lile swali. Sasa fikirini. Mzee wa kofia alikuwa amerudi kwenye mazungumzo yake, na sokoni mle hakuna mwingine aliyemsikia yule mwanamke akiniaga. Nikinyamaza, huyu bwana atanifuata mimi, na mwenzangu akirudi na mkate wake atakuta hana nafasi. Nikatafuta maneno, sikuyapata yote, nikatumia yaliyokuwepo.

"Mwanamke mmoja. Yeye mwavuli. Yeye kwenda mkate, yeye rudi. Wewe fuata yeye."

"Aha," akasema yule bwana, akakaa kwenye kreti.

Sentensi ile ilikuwa na madoa kila mahali. Mwalimu wangu angeichora nyekundu yote. Lakini iliposikika, watu wawili walipata zamu zao. Kwetu jiwe ndilo lingemshikia yule mama nafasi, na pale nilikuwa mimi. Nilifurahi, jamani. Nilifurahi kuliko siku niliyopata ile nafasi ya masomo. Mwanamke aliporudi alinimegea ncha ya mkate, ungali moto, nikaula palepale huku nikilengwalengwa na machozi.

Nikaitwa. Nikanunua samaki kilo moja na nusu, nikakosea hesabu, muuza samaki akanisahihisha, nikarudia. Nyumbani Doña Eulalia alipoanza kuparua magamba akataka karatasi ya kutandika mezani. Nikampa ile fomu.

Jumapili nikamwandikia mama. Mama hakujua kusoma, barua zangu alisomewa kwenye mashine ya kusaga na kijana wa pale, na kila aliyeleta mahindi alisikiliza bila kualikwa. Nilieleza habari nzima, kikapu na mwavuli na mkate. Wakacheka, niliambiwa, mpaka mashine ikazimwa. Lakini mama hakucheka sana. Mtaani kulikuwa na bi harusi aliyetoka Ifakara, mwezi mzima amejifungia chumbani, analia kwamba watu wa hapa hawamsemeshi. Mama akatoka mashineni na unga kichwani, akamgongea, akamwambia, "Mwanangu, asiyeuliza wa mwisho hana zamu. Toka nje uulize watu habari zao." Bi harusi akatoka. Tangu hapo kila mwanamke wa mtaa alikuwa na la kumwambia mtu anayesubiri kuitwa kwa jina.

Mimi sikuyajua hayo. Nilikaa Hispania miaka minne. Nikarudi, na mji wangu ukawa mgeni kwangu, nyumba mpya, nyuso mpya, na mama kitandani, hana nguvu. Nilikwenda zahanati kumchukulia dawa. Nikakuta watu wamejazana, nikasimama kando kimya, nangoja mtu anitambue kwamba mimi ni Mwajabu, mtoto wa hapahapa. Hakuna aliyenitambua. Nikasimama saa nzima. Pembeni alikuwepo msichana asiyenijua kabisa, anamnyonyesha mtoto. Akanihurumia. Akanivuta ukingo wa kanga na kuniambia, kwa upole, kama mtu anayemfundisha mgeni, "Dada, sisi hapa tuna msemo. Asiyeuliza wa mwisho hana zamu."