Robota Lililogoma Kuuzika

Mwanahawa, muuzaji katika duka la kanga la Bwana Shekue, aliomba alipiwe mafunzo ya biashara.

"Uza kwanza robota lile," tajiri alicheka. Kanga za robota hilo ziliandikwa MCHOYO HALI AKASHIBA, na kwa miaka mitatu hakuna aliyezitaka. "Likiisha kabla ya Ijumaa, nitakulipia."

Alhamisi asubuhi robota lilikuwa limeisha.

"Bahati tu hiyo. Silipi," tajiri alisema. "Nani kazinunua?"

"Mkeo, bosi. Ndiyo sare ya harusi ya binti yenu kesho. Kina mama sitini watakuzunguka wakicheza, na wote wananiuliza huyo mchoyo ni nani."

"Umewajibu nini?"

"Nimewaambia wasubiri. Chuo kinapokea ada mpaka saa kumi."

Saa tisa Bwana Shekue alikuwa chuoni, akiwaandikisha wauzaji wake wote watatu, na mlinzi pia.