Upinde Uliomnunia Fisi

Haya, nawaita!
— Tuite!
Nimewaletea uongo!
— Tupe!
Una chumvi!
— Mwaga!
Na atakayesinzia?
— Tumkanyage!

Basi. Alikuwepo Pimbi. Mnamjua Pimbi? Kale kanyama ka kwenye mawe, mkia hana, shingo kama ya kuazima, ukimwona unadhani ni panya aliyeshiba. Alikuwa mjane mwenye watoto wanne. Watoto walikula majani yaliyoota chini ya mlima wa mawe, na juu ya mlima huo alikuwa anazunguka Tai. Tai naye chakula chake nini? Watoto wa Pimbi. Msishangae, kila mtu na chakula chake.

Lakini Pimbi alikuwa na upinde. Na siyo upinde wa kuokota njiani! Alikata mti wa mkole, akauchonga mpaka mikono ikaota sugu. Akaokota kano za nyumbu, mabaki ya Simba, akazikausha, akazitwanga kwa jiwe, ta! ta! ta!, mpaka zikawa nyuzi. Akachemsha ngozi akapata gundi, akazibandika zile nyuzi mgongoni mwa upinde, moja baada ya nyingine. Ukiuvuta upinde huo, ukaachia, mshale unatoka chwiii! Tai alishauonja mara moja, akapata adabu. Tangu hapo akiuona upinde juu ya jiwe anapita mbali, anajifanya ana safari nyingine.

Na Pimbi alikuwa akiutunza, jamani! Akimaliza kuutumia anaufungua kamba, upumzike. Anaupaka mafuta kidogo. Mvua ikija anaingiza upinde kwanza, watoto baadaye. Watoto walilalamika, lakini nani awasikilize?

Sasa pinde za namna hii zina jambo moja. Ukizifungua kamba, zile kano zinavuta, na upinde unajipinda kinyume, kama mtu aliyejinyoosha mpaka akapitiliza. Ukitaka kuutumia tena, unaupasha joto mikononi, unaurudisha taratibu upande wake, ndipo unafunga kamba. Ukiufunga vile ulivyojipinda, pa! Vipande viwili. Pimbi alilijua hilo. Fisi hakulijua.

Asubuhi moja Fisi akaja, puku, puku, puku. Hodi hakupiga.

"Pimbi!"

"Abee!"

"Huo upinde nimeupenda."

"Bwana Fisi, huu ni wangu."

"Nimesema nimeupenda. Nimechoka mimi, kila siku mabaki ya Simba, mifupa, mifupa, kana kwamba sikuzaliwa na mama. Nataka nipige nyati wangu mwenyewe, nile peke yangu, nisimbakizie hata nzi."

Akaunyakua na kamba yake, akaondoka, puku, puku, puku.

Haikufika adhuhuri, Tai akatua mlangoni kwa Pimbi. Akakunja mabawa kwa heshima, akasema, "Shikamoo, mama. Watoto hawajambo?"

Pimbi akaziba mlango kwa jiwe, gubu! Watoto wakashinda ndani. Siku ile wakala majani ya akiba. Siku ya pili wakala majani waliyolalia. Siku ya tatu hapakuwa na cha kulalia wala cha kula, na yule mdogo akaanza kutafuna mkono wa dada yake. Pimbi akalia, machozi ya kweli, si ya ngano.

Siku hiyohiyo Fisi akarudi, puku, puku, puku, upinde mkononi.

"Pimbi!"

"Abee!" Pimbi alichungulia kwenye upenyo.

"Upinde wako mbovu. Niliufungua kamba kama unavyofanya wewe. Ulikuwa umepinda huku, sasa umepinda kule! Lakini mimi siwezi kushindwa na kijiti. Naufunga kamba hivihivi."

Akaweka goti juu ya upinde. Pimbi akaona hatari. Upinde ukivunjika, watoto wamekwisha. Akapiga kelele bila kufikiri:

"Usiuguse! Umenuna!"

Fisi akatoa goti. "Umenuna?"

"Umenuna. Huoni umekugeuzia kisogo?"

Fisi akauzungusha, akautazama huku na huku. Ni kweli, ulikuwa umempa kisogo. "Kwani nimeufanya nini?"

"Umeupaka mafuta?"

"Mafuta gani?"

"Ya nyama. Yale meupe, matamu. Kila asubuhi, mgongoni, mpaka ung'ae."

"Na mimi nile nini?"

"Kwani ni wewe uliyenuna?"

Fisi akaona hoja ina uzito. Akaenda. Alipopata kipande cha mafuta kwenye mabaki ya Simba, akaupaka upinde, yeye akaguguna kwato. Kesho yake akarudi, puku, puku, puku.

"Pimbi!"

"Abee!"

"Bado umenuna."

"Mvua ya jana mchana ilikukuta wapi?"

"Pangoni."

"Na upinde?"

"Nje. Pango langu dogo, hatuenei."

"Ee mama yangu! Hizi ni kano, Bwana Fisi! Zikilowa, gundi inaachia! Jua kali hautaki, moto hautaki, mvua hautaki. Uweke pangoni."

"Nimekwambia hatuenei."

"Basi toka wewe."

Fisi akatoka. Mvua ikanyesha mchana kutwa, upinde ndani, mwenye nyumba nje, maji yanamchuruzika puani. Akapita Ngiri na wanawe, akamwamkia kwa adabu, akaenda kuchekea mbele. Ilipofika siku ya tano tangu aunyakue, Fisi akaja, ila puku, puku zilikuwa zimepungua nguvu. Mbavu zinahesabika.

"Pimbi!"

"Abee!"

"Bado umenuna. Tena naona unazidi."

Pimbi akatoa jicho kwenye upenyo, akautazama upinde wake, akashtuka. Mgongoni palikuwa na matone, na kwenye ncha moja uzi wa kano ulikuwa umeanza kubanduka. Hasira zikampanda mpaka masikioni.

"Nani ameulamba huu?"

"Sijaulamba!"

"Fisi!"

"Nimeunusa tu. Mate yamedondoka yenyewe." Sauti ya Fisi ikavunjika. "Pimbi, nisikilize. Kano za nyumbu. Juu yake mafuta. Kila asubuhi naupaka mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu, halafu nakaa naukodolea macho. Mimi ni fisi, Pimbi! Mimi si malaika!"

Nawaambia kweli, hapo hata mimi nilimhurumia kidogo. Kidogo tu.

Pimbi akafikiri haraka. Siku mbili zaidi za mate na hapatabaki upinde wa kupigania. "Basi dawa yake ni kufunga mdomo," akasema.

"Nimejaribu. Unafunguka wenyewe."

"Kamba si unayo? Lete pua hapa."

Fisi akaingiza pua kwenye upenyo. Pimbi akaizungusha kamba ya upinde, kru! raundi ya kwanza, kru! ya pili, kru! ya tatu, akakaza fundo.

"Usifungue mpaka upinde ucheke."

"Mmm," akasema Fisi, akaenda zake.

Mchana huohuo Simba akaangusha nyati pale mtoni, akala, akaacha zaidi ya nusu. Fisi wote wa bonde wakaja. Shangazi zake wakaja, wajomba wakaja, hata yule mkwe asiyemwamkia akaja. Wakala, wakacheka, wakajipaka damu masikioni. Fisi wetu akakaa pembeni, upinde mapajani, mdomo umefungwa, machozi yakimtoka. "Amepata cheo huyu," shangazi akasema, "hali tena na sisi." Wakammaliza nyati mpaka kwato.

Kesho asubuhi akaonekana anakuja kwa Pimbi. Hakuna puku, puku. Alikuwa anajiburuta, shwaa, shwaa, ameubeba upinde kwa mikono miwili kama mtoto mgonjwa. Nyuma yake Kobe, Ngiri na Nungunungu, wamefuata kuona. Juu ya jiwe Tai naye ametulia, anangoja mlango ufunguliwe.

"Bwana Fisi, habari za nyumbani?"

"Mmm."

"Upinde umecheka?"

Fisi akatikisa kichwa.

"Tuongeze mafuta?"

Akatikisa mpaka masikio yakalia pwata, pwata.

"Unaurudisha?"

Akainamisha kichwa, akainua, akainamisha.

"Kwa hiari yako, mbele ya majirani hawa?"

Akainamisha mpaka paji likagonga jiwe.

Pimbi akafungua mlango kidogo, akauvuta upinde ndani. Akaukumbatia kifuani, akaupasha joto, akaubusu pale ulipobanduka. Kisha akatoa mkono, akamfungua Fisi ile kamba, kru, kru, kru. Akaurudisha upinde upande wake, taratibu, taratibu, akafunga kamba, tinga! Akaweka mshale, akatoka nje.

Tai kuona hivyo akakumbuka ana safari. Hakuaga mtu. Watoto wanne wakatoka mbio, wakajimwaga kwenye majani, wakala bila kutafuna.

Fisi alibaki amesimama, mdomo wazi, anautazama upinde. Akatazama kamba. Akatazama upinde tena. Ilimchukua muda, lakini akili ilifika.

"Alaa!" akasema. "Kumbe unarudishwa upande tu! Haukuwa umenuna! Wewe Pimbi, wewe, nita..."

Hapo akaona mshale uko kwenye kamba, kamba imevutwa, na ncha inaitazama pua yake.

"Bwana Fisi," Pimbi akasema kwa upole, "ulitaka kusema utafanya nini?"

Fisi akarudi hatua moja nyuma.

"Nitakuletea mafuta," akasema.

Uongo wangu umefika mlangoni!
— Ufungulie!
Uende kwa nani?
— Kwa jirani!

Na funzo, maana najua mama zenu watawauliza mmefunzwa nini. Waambieni hivi: ukichukua cha mwenzio, kitunze vizuri. Fisi alikitunza vizuri mno, akakipaka mafuta, akakipa na pango lake, na wote tumeona alivyonenepa. Kwa hiyo, wanangu, mkiamua kuiba, ibeni jiwe.